Mageti ya Jukwaa la Mashariki

Kambini
Jumapili, 3 Agosti

Dada yangu,

Usishtuke kupata barua kama vile tumerudi enzi za babu. Kocha ametunyang'anya simu zote, akazitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki na kuifungia stoo. Anasema simu ndizo zilizotufungisha nusu fainali ya mwaka juzi, sisi miguu yetu haikuhusika. Dereva wa basi letu anashuka mjini kila baada ya siku mbili tatu kuchukua mikate na maji, naye amekubali kuwa posta yetu. Kwa hiyo nijibu kwa mkono wake.

Sasa kama umesimama, kaa. Nacheza fainali. Mimi, Benchi, mdogo wako. Kipa wetu wa kwanza, yule tunayemwita Mikono, ameteguka kidole mazoezini jana, na daktari amesema wiki tatu kamili asiguse mpira. Kocha alinitazama kama mtu anayetazama akiba yake ya mwisho ya unga, akasema, "Jumamosi ni wewe."

Miaka kumi na moja, dada. Nimepasha misuli, nimepiga makofi, nimebeba chupa za maji, nimewakumbatia wafungaji wa magoli niliyoyaona kwa mbali. Watoto wa mtaani huniuliza kama benchi la mbao ni gumu kuliko la plastiki. Nawajibu, maana nayajua yote mawili. Tangu jana sahani yangu inamaliziwa na mabeki.

Mlete mama. Mkalishe jukwaa la mashariki, pale chini kwenye kivuli, na umwambie asiombe kwa sauti nikiwa nadaka. Baba naye aje, ila asinifundishe kwa ishara kutoka juu. Kazi yake ni vyuma.

Mdogo wako,
Benchi (jina hili lina siku chache za kuishi)


Mjini
Jumatatu, 4 Agosti

Benchi wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni kwa mama, mara ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti. Mama aliacha vyombo kwenye maji akakaa. Baba alitoka kwenda karakana kwake, tukamsikia anagonga chuma ambacho nina hakika hakikuhitaji kugongwa. Unamjua, furaha yake ina kelele.

Nina habari ya kukuchekesha. Uwanja wenu nimepewa mimi kuukagua. Mwenzangu anayeshughulika na viwanja yuko likizo ya uzazi, na bosi wetu wa manispaa amenitazama mimi mkaguzi wa shule na masoko akasema uwanja nao ni soko, tofauti ni kelele tu. Kesho naingia na tochi na karatasi zangu. Ni kutimiza taratibu. Nusu ya vyuma vya pale, kuanzia viti hadi mabomba ya kushikilia ngazini, alivichomelea baba, kwa hiyo nitajiona niko nyumbani. Nikipita golini nitakupimia lango, nione kama kweli ni pana kiasi hicho mnachokilalamikia makipa.

Kula. Kipa mwenye njaa anadaka upepo.

Dada yako


Kambini
Alhamisi, 7 Agosti

Dada,

Asubuhi kocha ametukusanya kwenye bwalo akasoma karatasi iliyotoka kwenye shirikisho. Fainali imeahirishwa mpaka tarehe thelathini. Mkaguzi wa manispaa ameona nyufa kwenye nguzo za jukwaa la mashariki, na lazima mhandisi azipime kwanza. Jina la mkaguzi halikusomwa. Halikuwa na haja ya kusomwa.

Mikono alikuwa amekaa mbele yangu. Hakucheka, ni mtu mstaarabu, ila alikitazama kidole chake. Tarehe thelathini kitakuwa kimepona. Wote tulijua, na wote walipata kitu cha kuangalia nje ya dirisha.

Nyufa zipi, dada? Si zile tulizokuwa tunachomeka vijiti vya aiskrimu tukiwa wadogo, tukimsubiri baba amalize kazi? Zile ni plasta. Hata wewe ulinifundisha kwamba ni plasta, mwaka ule ulipoanza chuo na kila ukuta ukawa somo.

Ukiniambia jukwaa lile lingeanguka na mama yuko chini yake, nitanyamaza na kukushukuru. Lakini niambie kama dada. Usiniambie kama manispaa.

Benchi


Mjini
Ijumaa, 8 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeipata barua yako. Nguzo nne za jukwaa la mashariki zina nyufa zinazoonekana kwa macho. Kanuni inataka nyufa za aina hiyo zipimwe na mhandisi kabla watu hawajaruhusiwa kukaa juu yake, na mhandisi ana foleni ya kazi. Ndiyo maana ya tarehe thelathini. Nasikitika kwamba imekuangukia wewe.

Hapa hali si nzuri. Mwenye duka la mtaani kwetu ameniambia nikanunue sukari huko kwenye nyufa. Mashabiki wamepita nje ya ofisi wakiimba, na bosi amefunga madirisha.

Mama anakusalimu.

Dada yako


Kambini
Jumapili, 10 Agosti

Dada,

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulifanya mazoezi mepesi kwa saa ileile ambayo mechi ingeanza. Kocha alitaka kutufariji, akatuumiza zaidi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikimtafuta dada yangu ndani yake. Nimekuta mhuri. Wewe ukisema kweli unaandika ovyo, unaruka huku na huko, unanitukana kidogo. Ukinyoosha maneno namna ile, kuna kitu.

Nami nadhani nakijua. Miaka mitatu iliyopita Mikono aliugua tumbo, nikaingia, nikafungwa matano. Baada ya goli la nne nilitazama jukwaani nikakuona umejifunika uso kwa mtandio. Sijawahi kukwambia kwamba nilikuona. Magoli yale nimeyasahau, mtandio ule sijausahau. Sasa ulipopata kalamu mkononi, ukaona afadhali jukwaa lipasuke kuliko mdogo wako aaibike mbele ya mji mzima na mama akisikia anavyozomewa.

Kama ndivyo, sema. Wengine kutoniamini nimezoea, ni kama mshahara. Kwako sikuzoea.

Benchi


Mjini
Jumanne, 12 Agosti

Mdogo wangu,

Sina la kukujibu kuhusu mtandio. Kama hivyo ndivyo unavyoona, basi ona hivyo.

Nakuomba jambo moja. Baba hali chakula vizuri siku hizi. Wiki iliyopita alitoka alfajiri siku mbili mfululizo na mashine yake ya kukatia chuma, hakusema anakwenda wapi, na tangu hapo karakana ameifunga. Mama anadhani ni presha. Ukipata nafasi mwandikie maneno mawili mazuri, na usiitaje mechi.

Dada yako


Kambini
Ijumaa, 15 Agosti

Dada,

Baba alikuja kambini jana.

Alijidai amesikia goli la mazoezi limelegea. Alilichomelea kweli, kwanza, na mimi nikamshikilia mwamba, maana unamjua, hawezi kusema jambo zito mkono ukiwa mtupu. Alipomaliza alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye akachuchumaa, akanieleza yote bila kunitazama.

Msimu uliopita watu walikuwa wanaingia bure kwa mageti matatu ya nyuma ya jukwaa la mashariki, yale ya kutokea wakati wa hatari. Katibu wa uwanja, yule wa zamani, akamwita baba ayachomelee. Alimwahidi kwamba kila mechi kubwa ikikaribia angemwita ayakate. Kisha katibu akagombana na wakubwa akaondoka mjini, na hakuna aliyemwita baba. Baba akasubiri. Ndivyo alivyofundwa na fundi wake, na ndivyo alivyowafunda vijana wote waliopita karakana kwake: kazi uliyoagizwa huifungui mpaka aliyeagiza aseme. Akawa anapita pale kila mechi, anasikia watu wanaimba juu, anajua chini pamezibwa, na anamsubiri katibu aseme.

Ukaja wewe na tochi yako. Jioni ile ukaingia karakana ukamwambia neno moja tu, "Baba, kayakate," ukaondoka. Akayakata alfajiri mbili. Akavaa shati safi akakaa barazani kusubiri kuitwa manispaa. Hakuitwa. Ndipo aliposoma kwenye gazeti habari za nyufa, akaelewa umefanya nini.

Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema: "Dada yako angeliandika jina langu, mageti yangekatwa Jumatano na wewe ungecheza Jumamosi. Amenikinga kwa mgongo wako." Akafungasha vifaa vyake, akakataa hata chai.

Kwa hiyo hukunionea aibu. Nilipaswa kufurahi. Nimekasirika mpaka mwandiko unaruka, utauona mwenyewe. Umefunika kombe mwanaharamu apite, dada, na kombe lenyewe ndilo nililokuwa nakwenda kulicheza. Kisha kila nikitaka kukuchukia namwona mzee yule amechuchumaa, anasugua grisi isiyokuwepo kwenye kidole, na hasira inakosa pa kukaa.

Ungeniambia. Hata baada ya kuandika, ungeniambia, badala ya kuniacha niamini huniamini.

Benchi


Mjini
Jumamosi, 16 Agosti

Mdogo wangu wa pekee,

Afadhali amekwambia yeye. Mimi nilianza barua tatu, zote ziliishia kwenye salamu.

Nisikilize sasa, nikueleze nilichoona. Meneja wa uwanja alinisindikiza mpaka juu ya ngazi, simu ikamwita, nikashuka peke yangu. Chini ya jukwaa kuna ujia mrefu mweusi unaonuka mkojo. Geti la kwanza nililisukuma nikadhani lina kutu. La pili nikalipiga teke. La tatu nikamulika kwenye kiungo nikapitisha kidole, na kidole kikateleza. Unajua baba anavyomaliza mshono wake. Anaupiga tupa mpaka uwe laini, kisha anaupaka rangi, hata mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona maishani. Hakuna fundi mwingine hapa mjini anayejisumbua hivyo. Nilijua ni yeye kabla sijaelewa kwamba ni kosa.

Nilikaa chini palepale kwenye uchafu. Nikafikiria jukwaa lile likiwa limejaa, kitu kidogo tu kinatokea, nyaya zinatoa moshi au watu wanaogopa mvua, wote wanashuka kwa ujia ule na mbele yao ni ukuta wa chuma alioulainisha baba yangu. Mama akiwa wa kwanza, kwa sababu anakaa chini, kwenye kivuli.

Anayeziba njia ya kutokea anashtakiwa, aliyeagiza na aliyefanya. Aliyeagiza hajulikani aliko. Angebaki baba, kizimbani, na shati lake safi. Nilipanda juu nikaona nyufa zetu za utotoni, nikaziandika kabla akili haijanirudia. Nilitaka mechi isichezwe mpaka niwe na hakika kwamba yamekatwa yote na hakuna mengine. Hilo ni kweli. Kwamba ningeweza kuandika mageti badala ya nyufa, na mechi yako ikabaki pale pale, hilo nalo ni kweli.

Na wewe, mdogo wangu, hukuwamo kichwani mwangu hata kidogo. Nilikusahau. Nilikuja kukukumbuka nilipofika nyumbani na kumkuta mama anapiga pasi gauni la fainali.

Kuhusu mtandio: nilijifunika kwa sababu kila goli ulikuwa unajiokota chini kama mtu anayeokota vyombo vilivyovunjika, na sikuweza kuangalia. Aibu haikuwepo. Ningekwambia, lakini hasira yako kwangu ilikuwa inamficha baba, nikaiacha.

Sasa. Mhandisi amepima jana. Ni plasta, kama ulivyosema. Ripoti yake ikipita njia ya kawaida tarehe haibadiliki, na nikitaka iharakishwe nitaulizwa kwa nini niliandika plasta kuwa nyufa. Jumatatu naweza kuingia kwa bosi nikamweleza kila kitu, nyufa, mageti, aliyeyachomelea. Uwanja uko tayari, na shirikisho lina hamu ya kucheza mapema. Fainali inaweza kurudishwa Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na tatu, na wiki tatu za Mikono zitakuwa zinaisha siku hiyohiyo, kidole bado kimefungwa. Kazi nitaipoteza na ninastahili. Baba ataitwa. Yeye mwenyewe anataka, kila asubuhi anavaa viatu, mimi na mama tunamzuia mlangoni, ingawa mama hajui anamzuia kwenda wapi.

Mara ya kwanza nilikuamulia. Safari hii nakuuliza. Dereva anashuka mjini Jumatatu na Jumatano. Niandikie neno moja tu, "sema" au "nyamaza", nami nitalifuata.

Dada yako


Kambini
Jumapili, 31 Agosti

Dada,

Simu imerudi mkononi, imejaa pongezi za watu nisiowajua. Ningeweza kukupigia. Lakini kuna maneno ambayo nikiyatoa kwa mdomo nitalia, na vijana wako hapa chumbani wanalipiga picha kombe.

Kwanza nikusimulie, kwa kuwa nimesikia hukuja. Tumeshinda moja bila. Mikono aliokoa mpira mmoja mwishoni, wa chini, kwenye kona, ambao mimi nisingeupata. Au ningeupata. Nimeuangalia kwenye simu za wenzangu tangu asubuhi na kila mara najipa jibu tofauti. Nilikuwa wa kwanza kumkimbilia na kumkumbatia, mazoea hayo.

Walikuimba, dada. Jukwaa zima la mashariki, "mkaguzi wa nyufa", na maneno mengine ambayo mama alijifanya hayasikii. Hakuna kilichotokea kwenye jukwaa lile. Hakuna moshi, hakuna mvua, hata mtoto aliyepotea. Watu walikaa, wakaruka juu ya viti, wakashuka. Wanasema unaona, tulichelewa bure.

Baba hakukaa. Benchi letu linatazama upande ule, kwa hiyo nilimwona muda wote kupitia uwazi wa ngazi. Alisimama kwenye geti la kati, lililoachwa wazi na kufungiwa ukutani kwa mnyororo, na bado alikuwa amelishika kwa mkono. Mechi nzima hakuugeukia mpira. Filimbi ilipolia watu wakamiminika kwa ujia ule wakimsukuma huku na huku, na mmoja akamwambia, "Mzee, utuondokee njiani." Akasogea, bila kuliachia geti. Ameniambia atasimama pale kila mechi, na hajaomba ruhusa ya mtu.

Sasa lile swali lako.

Nilipolisoma nilikuchukia kwa mara ya pili. Nikasema, amenitupia mimi. Alibeba peke yake mpaka bega likauma, ndipo akakumbuka ana mdogo wake. Jumatatu dereva akanyoosha mkono, nikamwambia sina barua. Mchana wake nikaandika "sema". Neno moja, kama ulivyotaka, nikalitia kwenye bahasha na kuandika jina lako. Jumatano dereva akanyoosha mkono tena. Nilikuwa na bahasha mfukoni, naihisi kwenye paja, na nikamwambia sina barua. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia njaa.

"Nyamaza" sikuiandika, mkono ulikataa. Niliiacha tu ile Jumamosi ipite. Tulifanya mazoezi, nilidaka vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, kocha akasema inasikitisha.

Nilijua ukikosa barua utadhani ni hasira, na kwamba utanyamaza, na baba atabaki nyumbani. Kwa hiyo acha kuniomba radhi. Mama ameniambia unalia ofisini na umeomba urudishwe kwenye shule na masoko. Fainali ya tarehe tisa uliniondoa wewe, na hiyo nimekusamehe, naandika hapa ili siku nikikasirika unionyeshe. Ya tarehe ishirini na tatu nilijiondoa mwenyewe, bahasha ikiwa mfukoni. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko ile, dada, maana sina wa kumlaumu.

Mdogo wako,
Benchi